Rabson Mtafsiri na Sehemu ya Pili

Nimekaa mlangoni kwenye banda la video la Gasper, hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kwa miaka saba. Nakata tiketi, nafukuza walevi, nawaamuru wenye kofia wazivue ili wa nyuma waone. Kwa miaka hiyo yote nimemsikia Rabson akitafsiri filamu zisizo na idadi, na nawaambia bila aibu kwamba mpaka leo akishika maiki mwili unanisisimka. Wale wanaosema kutafsiri filamu ni kazi ya watu waliokosa kazi, waje Jumamosi saa tisa alasiri wamsikilize, halafu ndiyo tuongee vizuri.

Kwa asiyejua, filamu inakuja na Kiingereza chake. Rabson anapunguza sauti, anakaa kwenye stuli pembeni ya runinga, na anakuwa watu wote. Ni mwanamume, ni mwanamke, ni mtoto, ni mbwa, ni helikopta. Mtu akikunja uso kwenye filamu, Rabson anatupa sababu. Akikimbia, Rabson anamtajia njia: "Anakata kona pale kwa wauza nyanya, anatokea barabara ya Zambia, wamemkosa!" Watu wanasimama juu ya mabenchi, na mimi mlangoni nageuka kuangalia nje kama jamaa anapita kweli.

Kazi hii hakuisomea. Alizaliwa Isansa kwa wakulima wa kahawa, na shule iliishia kidato cha pili. Kiingereza alikiokota kwa madereva wa malori na kwenye redio za Zambia, ila ufundi aliupata kanisani. Wahubiri wakija kutoka ng'ambo ya mpaka kwa mikutano ya injili, yeye ndiye aliyesimama nao jukwaani kuwatafsiria. Mhubiri akitoa sentensi tatu, Rabson alitoa kumi. Mhubiri akisema Mungu ni mwema, Rabson aliongeza mvua iliyochelewa, mbolea iliyopanda bei na mume asiyeonekana nyumbani, na akina mama wakaanza kulia na kusogea mbele. Mhubiri mmoja alimwuliza baada ya ibada, "Hivi mimi nilisema hayo yote?" Rabson akamjibu, "Ulikuwa unaelekea huko, baba mchungaji."

Filamu anazozipenda kuliko zote ni zile za miaka ijayo, ambazo mashine zimeshika dunia. Na sisi tulizipenda kwa sababu yake. Mji wowote wenye ukuta mrefu, kwake ni Tunduma ya mwaka elfu mbili mia moja. Roboti wa polisi anamwita askari wa bati. Kompyuta kubwa inayoamua nani ale na nani alale njaa anaiita Mwenyekiti, na kila Mwenyekiti akitoa amri, banda zima linazomea. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwenye lile banda nimewaza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa na mwalimu yeyote. Mtu akijulikana na mashine kuliko anavyojulikana na mama yake, amebaki wa nani? Watu wakiacha kuamua mambo yao wenyewe, wanaamka asubuhi kufanya nini? Nilikuwa narudi nyumbani nawaza hayo mpaka maharage yanaungua jikoni.

Uhakika mmoja tulikuwa nao: steringi, yule mhusika mkuu, hafi, na watu wanashinda. Filamu zote. Mashine zitatamba saa nzima, lakini mwishoni mtu wa kawaida atachomoa waya mahali fulani, Mwenyekiti atazimika, na Rabson atapiga kelele mpaka spika ikwaruze. Steringi akipigwa risasi na kulala kimya kabisa, Rabson alitutuliza, "Amezimia tu, msihofu, hapo wanampeleka Vwawa kutibiwa." Tuliridhika tukaenda nyumbani.

Iliyotushika kuliko zote ilikuwa ile ya bangili. Kwenye mji huo kila mtu amefungwa bangili mkononi. Inasikia kila analosema, na inawaka rangi: kijani kwa mtu mwema, njano kwa anayetiliwa shaka, nyekundu kwa mbaya. Mwenye nyekundu hafungwi wala hapigwi. Adhabu yake ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kumsalimia. Basi mwalimu mmoja wa kike anachoshwa na huo upuuzi, anaikata bangili yake kwa koleo, na tangu hapo anapita mitaani watu wanamwangalia kama hayupo. Mwisho anafika kwenye lango la ukuta. Nje kuna msitu na watu walio huru. Anasimama, anageuka, anarudi, anamnyooshea askari wa bati mkono. Rabson akapaza sauti: "Nivalisheni! Naingia humo humo niwavunje kutokea ndani! Subirini sehemu ya pili!" Siku hiyo tulivunja benchi kwa kurukaruka.

Hiyo ni miaka mitano sasa, mwaka ule malori yalipokwama mpakani na foleni ikatufuata mpaka huku kwetu. Tangu hapo Mama Gwantwa, anayenunua maharage Isansa na kuyauza sokoni, hajawahi kukaa kwenye benchi kabla ya kuuliza. "Rabi mwanangu, sehemu ya pili imefika?" Naye Rabson kila mara, "Bado, mama. Imekwama mpakani." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini niliisubiri kwa hamu ya kweli. Yule mwalimu nilimpenda. Nilitaka kumwona akiwavunja.

Sasa mwaka huu, kahawa ilipokwisha kuvunwa, akaja Brayan. Ni mpwa wa Gasper, anasoma chuo Mbeya, kijana mwenye adabu ila hawezi kukaa dakika mbili bila kukuelekeza jambo. Alikuja na programu kwenye simu. Ukiiunganisha na spika, inasikiliza filamu na kuitafsiri hapo hapo kwa Kiswahili. Gasper alishangaa, na mimi simlaumu, ni mfanyabiashara. Mashine haiugui, haichelewi, na mwezi wa saba haiagi kwenda Isansa kuchuma kahawa kwa wiki tatu kama Rabson.

"Tusionee mtu," Gasper akasema mbele yetu sote. "Jumamosi tunapima. Filamu moja. Mashine inaanza, Rabi anafuata, watu wananyoosha mikono. Mashine ikishinda, Rabi, maiki unaniachia. Sitaki lawama."

"Sawa, bosi," Rabson akasema. Chai yake aliiacha nusu. Ana mke na watoto watatu, na tangu aache jukwaa la kanisa, ukiacha kahawa ya kwao, hajawahi kufanya kazi nyingine isiyo ya mdomo wake.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua filamu, na hapo Mama Gwantwa akanyoosha mkono. "Wekeni ile ya bangili."

Rabson akaruka. "Mama, ile mmeshaiona! Tuweke mpya."

"Ndiyo maana nataka ile. Tunaijua. Mpya tutapimaje?"

Wote wakasema mama kanena kweli. Nilimwona Rabson akifuta viganja kwenye suruali, nikadhani ni woga wa kawaida wa mtu anayepimwa.

Jumamosi hiyo niliuza tiketi mpaka zikaniishia, nikaanza kukata vipande vya daftari. Waliotoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walivuka mapema. Madereva wa malori walijaa nyuma, wakiongozwa na Boazi, dereva mkubwa wa mwili anayetoka Kitwe, ambaye kila akipita na mzigo lazima alale Mpemba ili amsikilize Rabson. Jambo moja kuhusu madereva wa Zambia lilikuwa likinisumbua siku zote: walicheka mahali ambapo sisi hatukuona cha kuchekesha. Nilidhani ni tabia yao.

Brayan akabonyeza simu, filamu ikaanza, na sauti ikatoka. Weeh! Banda lilipiga mluzi. Sauti ya mwanamke, safi, ya kusoma taarifa ya habari, haikwami, haikohoi. Hata mimi niliyekuja kuichukia nilijikuta nimeacha mlango wazi. Askari wa bati walipoanza kumkimbiza mwalimu, mashine ikasema polepole, "Simama. Ukikimbia nitapiga risasi. Tafadhali simama," na watu wakaangua kicheko, wengine wakaiga. Boazi akapaza sauti, "Iwe, wewe! Hata risasi yake ina heshima!"

Lakini filamu ilipofika katikati kicheko kilipungua. Tulikuwa tunasikia mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia. Yule mwanamke mzee anayempita mwalimu sokoni bila kumtazama, Rabson alituambia ni jirani mwenye wivu. Mashine ilisema, "Mama. Ni mimi. Mama." Alikuwa mama yake mzazi. Miaka mitano tumemzomea yule bibi kwa wivu, kumbe alikuwa akimpita mtoto wake kwa kuogopa bangili yake mwenyewe isije ikabadilika rangi. Niligeuka kumtafuta Rabson. Alikuwa kwenye stuli yake, kichwa chini.

Ikaja sehemu ya lango. Mwalimu akasimama, akageuka, akarudi, akanyoosha mkono. Sasa hakuna aliyekuwa akitafuna hata karanga. Askari wa bati akauliza, na mashine ikatafsiri bila kubadilisha sauti, "Kwa nini umerudi?" Mwalimu akajibu, "Nataka mtu anisalimie." Akavalishwa. Bangili ikawaka kijani. Mtu aliyekuwa akipita akamwinamia na kusema, "Habari za asubuhi." Mwalimu akatabasamu, machozi yakimtoka. Mwisho.

Sikutaka kuamini, lakini nilimwona yule mwanamke kwa macho yangu, na uso wake haukuwa wa mtu anayepanga kuvunja kitu. Ulikuwa wa mtu aliyeshindwa na kufurahi kwamba ameshindwa. Miaka mitano uso ule ulikuwa pale pale, na sikuuona kwa sababu nilikuwa nikimsikiliza Rabson.

Mama Gwantwa akasimama polepole. "Rabi," akasema. "Sehemu ya pili iko wapi?"

Rabson akanyanyuka. Alikuwa na maiki mkononi, ilikuwa zamu yake, na nilijua angeweza. Ana mdomo wa kulishawishi hata jiwe. Angesema mashine imekosea, angesema hiyo ni nakala mbovu, na nusu ya banda lingemwamini kwa kuwa lilitaka kumwamini.

"Haipo," akasema. "Haijawahi kuwepo. Niliitunga."

Sijui nilifikaje mbele, nakumbuka tu niko mbele na ninapiga kelele. "Miaka mitano, Rabi! Miaka mitano nakaa mlangoni nasubiri kitu ambacho hakipo!" Wengine wakadakia. Na ile ya mji wa chini ya ardhi? Na ile ya mtoto aliyetengenezwa kiwandani? Na steringi waliopelekwa Vwawa? Rabson akajibu moja moja, bila kujitetea. Walikufa. Wote walikufa. Mji wa chini ya ardhi ulifungwa watu wakiwa ndani. Mwenyekiti hakuzimwa hata mara moja, alichofanya Rabson ni kuwahi kubonyeza kitufe cha kuzima filamu dakika tano kabla ya mwisho.

"Kwa nini?" Gasper mwenyewe akauliza.

"Kwa sababu niliwaona," Rabson akasema. "Mwaka ule wa foleni. Mlikuwa mnaingia hapa hamjauza kitu wiki nzima. Nikaitazama hii filamu peke yangu asubuhi, nikalia. Nikasema, siwezi kuwapa watu hawa kushindwa kwingine. Nikawapa kushinda. Halafu mkazoea kushinda, na mimi nikazoea kuwapa."

Hapo ndipo Boazi alipocheka kule nyuma, akaja mbele akipita kati ya mabenchi. "Sisi tulijua," akasema. "Madereva wote. Kiingereza tunasikia."

"Mlijua mkanyamaza?" nikamfokea.

"Sasa, dada, tungesema nini? Kwetu Kitwe hii picha inaisha vibaya. Hapa kwa bwana huyu, ba Rabi, inaisha vizuri. Mimi naendesha siku nne niko peke yangu, nafika hapa, nataka ile ya hapa." Akainua mabega. "Lakini leo nimeona nyie mmenyamaza. Kule kwetu watu hawakunyamaza hivi. Walitoka wakaenda kunywa."

Mama Gwantwa hakuwa amekaa. "Mimi nina swali," akasema. "Kwa nini alirudi? Lango limefunguka, watu huru hao hapo. Kwa nini mtu mwenye akili zake arudi kufungwa?"

Brayan, maskini, alitaka kusaidia. Akaisogeza simu mdomoni mwake akarudia swali kwa heshima zote. Sauti ya taarifa ya habari ikajibu, "Filamu imekwisha. Ungependa kuanza nyingine?" Watu walicheka mpaka mabati yakalia, na Brayan mwenyewe akacheka.

"Alichoka," Rabson akasema. "Mimi naona alichoka tu, mama."

"Hakuchoka!" Mama Gwantwa akamkata. "Wewe humjui. Mimi namjua, tangu dakika hii namjua. Nina wajukuu sita ng'ambo hapo Nakonde, unaweza kuona mabati ya nyumba yao ukisimama mpakani Tunduma. Zamani walivuka kila Jumapili kuja kuniamkia. Sasa hivi nikiwaandikia kwenye simu, wananitumia picha ya kidole gumba. Nikiumwa, kidole gumba. Nikiwaambia nimewapikia, kidole gumba. Na mimi nimekuwa nakaa na simu mkononi nasubiri hicho kidole! Kisipokuja silali! Mnanielewa? Mimi ningerudi. Ningenyoosha mikono yote miwili!"

Nawaambia, sijawahi kusikia banda lile likilipuka vile, hata kwa mpira wa watani wa jadi. Kila mtu alikuwa na la kusema, na kila mtu alitaka kulisema kwanza. Mwanamke mmoja alisimama akasema mume wake anajua habari za watu wa Marekani na hajui mtoto wake yuko darasa la ngapi. Mzee mmoja akasema huo ni uongo, tatizo si simu, tatizo ni watu, mashine haijawahi kumfunga mtu asiyetaka. Brayan akambishia! Brayan aliyetuletea mashine! Akasema chuoni kwao kuna vijana hawachagui hata chakula kabla ya kuiuliza simu, na hakuna aliyewalazimisha, na hilo ndilo linalomtisha. Boazi akasema gari lake jipya linamripoti kwa bosi akisinzia. Kuna aliyesema ni vizuri limripoti, kuna aliyesema leo kusinzia, kesho kuwaza. Mimi nilisahau hasira zangu. Nilikuwa nimepanda juu ya benchi nikipiga kelele kwamba mama wa yule mwalimu ndiye mwenye makosa kuliko Mwenyekiti, na nikajibiwa na watu wanne kwa mpigo, na nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza.

Kwa kuwa hakuna aliyesikika, Rabson akafanya jambo ambalo kwa miaka yote saba sikuwahi kuliona. Alimpa Mama Gwantwa maiki. Mama akasema yake, akampa mzee, mzee akampa Brayan, ikawa inapita benchi kwa benchi, na Rabson anaifuata nyuma akiushika waya usikwame kwenye miguu ya watu. Alikuwa anabisha na kila mtu kwa sauti yake tupu, jasho linamtoka, anacheka.

Gasper alisimama mbele akainua mkono kuitisha kura. Akasubiri. Hakuna aliyemwangalia. Akaushusha, akauinua tena, mwisho akaenda kwenye spika na kuchomoa waya wa simu ya Brayan.

"Rabi," akaita. "Jumamosi ijayo unatuwekea ipi?"

Kelele zikapungua. Mtu akamrudishia Rabson maiki. Aliishika kwa mikono miwili, akatutazama mmoja mmoja, na mimi nilijua anaogopa kuliko alivyoogopa siku ile ya kuchagua filamu.

"Ninayo nyingine ya miaka ijayo," akasema. "Watu wamewapa mashine kazi ya kuwalelea watoto. Nawaambia mapema ndugu zangu, na safari hii siongezi kitu. Inaisha vibaya."

"Ileteee!" banda likajibu, na mabenchi yakagongwa kama tumefunga goli.

Watu walitoka wakiwa bado wanabishana, wakajaza barabara, pikipiki zikawapigia honi. Mama Gwantwa alikuja mpaka mlangoni kwangu na kunishika mkono. Simu yake alikuwa ameiweka sikioni, inaita.

"Recho," akasema, "Jumamosi nikatie tiketi saba. Nawafuata wale watoto Nakonde mwenyewe."